Dalali kala cha juu milioni nane, mthamini kaniandikia ninachotaka. Nani alikuwa upande wangu?

#1 KahawaChungu

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Februari mwaka jana nilinunua pagale Moshono, hapa Arusha. Kiwanja kimepimwa, hati ipo, ukuta umefika kwenye lenta, vyumba vitatu. Dalali nilielekezwa na mtu wa kazini. Kijana mpole, kila mwanamke kwake ni "mama", hata wa miaka ishirini. Kanizungusha Olasiti, Muriet, Kwa Mrombo, kote nikakataa. Moshono nikapenda. Bei akasema milioni 45. Nikalialia, akasogea pembeni kupiga simu, akarudi anatabasamu: "Mama, mzee kakubali 42, nimempigia magoti kwa ajili yako." Nikampa laki tatu ya asante.

Hela niliingiza kwenye akaunti yake, maana alikuja na barua ya mzee inayomruhusu kupokea. Najua. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Nikapaua, nikaanza kuhamisha hati. Wiki mbili zilizopita, jioni, mzee kanibishia hodi. Kabeba mfuko wa rambo, ndani yake karatasi ya makadirio ya kodi kutoka TRA. Siku tunaandikishana hakuwa na miwani, mkataba alisomewa. Safari hii kaja nayo, mguu mmoja umefungwa kwa uzi. Akaniwekea kidole kwenye mstari: "Mwanangu, hii arobaini na mbili imetoka wapi? Mimi nimepokea thelathini na nne."

Nikaenda ndani kuchukua mkataba wangu. Arobaini na mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na chini sahihi yake.

Sasa sehemu ya pili, ndiyo inayonikosesha usingizi. Nimeomba mkopo benki nimalizie nyumba. Benki wakasema uthamini ufanyike wakati uhamisho unaendelea, wakanipa mthamini wa kwenye orodha yao. Kabla hajashuka kwenye gari kaniuliza: "Dada, unatafuta ngapi?" Nikasema thelathini. Akasema, "Haina shida." Kapima kwa dakika kama ishirini, picha nne, kaondoka. Ripoti imetoka na milioni 58.

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilimpigia mume wangu simu nikicheka. Ndipo alipokuja mzee na karatasi yake, nikabaki najiuliza: dalali kaninyonga kwa kuongeza namba, mthamini kanifurahisha kwa kuongeza namba. Mbona mmoja namwita mwizi na mwingine nilimnunulia soda?

#2 NjiroBlokiC

Nakaa mstari wa mbele.

#3 MvuaZaMasika

Pole sana dada. Ila hela ya mwenye mali kuingia akaunti ya dalali ni kosa namba moja kwa Chuga hii. Hata akija na barua yenye mhuri wa dhahabu.

#4 DalaliMstaarabu

Nimeitwa na jina la uzi, nimekuja.

Mimi ni dalali, mwaka wa tisa huu, Sakina mpaka Ngaramtoni. Nakula cha juu na sijifichi. Ila ya huyo kijana si cha juu, huo ni wizi, nitaeleza tofauti.

Cha juu cha kistaarabu ni hivi. Mwenye mali anakwambia, "Mimi nataka 34 yangu mkononi, utakachopata zaidi ni chako." Hapo mmeelewana. Ukiuza 36 ni halali yako, ukiuza 40 Mungu kakubariki. Shida inaanza pale unapokuwa umeahidiwa asilimia na mwenye mali, halafu unapandisha bila yeye kujua, halafu unamwambia mnunuzi umempigia magoti. Hapo umekula meza tatu.

KahawaChungu, mzee alimlipa chochote?

Na kabla hamjaanza kutupiga mawe: mteja mmoja namtembeza viwanja kumi na tano, bodaboda yangu, mafuta yangu, vocha yangu. Akishapenda anarudi Jumapili kimyakimya na mkewe, anamalizana na mwenye mali, mimi nasikia kwa majirani. Nina daftari, nimeandika waliowahi kunizunguka. Limejaa, nimeanza la pili. Nyie mnaosema dalali hana maadili, mteja anayo?

#5 KahawaChungu

Mzee anasema alimpa asilimia tano. Milioni 1.7.

#6 MvuaZaMasika

8 + 1.7 + laki tatu ya asante = milioni kumi kamili. Kwenye mali ya 34. Kuna watu tunasoma masters ya nini?

#7 FutiKamba

Nilikuwa napita tu, ila hilo swali la mwisho la mleta uzi limenigusa. Mimi ni mthamini. Nimesoma Chuo Kikuu cha Ardhi, nimesajiliwa, ofisi yangu ipo kati ya Moshi na Arusha, mtanisamehe sitasema wapi.

Dada, unauliza kwa nini unamwona mmoja mwizi na mwingine mtu mwema. Kwa sababu wa kwanza alichukua yako ya leo, wa pili kachukua yako ya kesho.

Thamani ya soko si namba inayotoka kichwani. Kwa nyumba kama yako naangalia mauzo ya karibu ya mali zinazofanana, nayapunguza na kuyaongeza kulingana na barabara, ukubwa wa kiwanja, maji, hati. Pembeni napiga hesabu ya pili: kuijenga leo mita moja ya mraba ni shilingi ngapi, natoa uchakavu au kazi ambayo haijafanyika, naongeza ardhi. Njia mbili zikipishana sana najua nimekosea mahali. Mwisho naandika thamani nyingine, ile ya kuuza kwa haraka, ya mnada, ambayo iko chini zaidi. Hiyo ndiyo benki wanaisoma kwanza, ya soko wanaiangalia kwa heshima tu.

Anayekuuliza "unatafuta ngapi" kabla hajashuka kwenye gari hajafanya hata moja kati ya hizo. Kachukua thelathini yako akarudi nayo kinyumenyume mpaka akapata namba ya kuibeba. Sasa ukikwama kulipa (biashara inayumba, mtu anaugua), nyumba inakwenda mnadani. Mnunuzi wa mnadani haisomi ile ripoti, anaangalia tofali na bati. Inauzwa, haitoshi, nyumba imekwenda na deni limebaki. Ndiyo maana nasema kachukua yako ya kesho.

Sheria ipo. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016. Imeweka Bodi ya usajili, imempa Mthamini Mkuu wa Serikali meno. Mthamini anaweza kulalamikiwa, akahojiwa, akafutwa kwenye daftari. Dalali wa viwanja wa mtaani yeye unampeleka bodi gani? Anachohitaji kuanza kazi ni simu na kibao cha "kiwanja kinauzwa".

Ila nisijifanye malaika. Benki ina orodha. Ukiandika namba ndogo mara tatu, mkopo ukakwama mara tatu, afisa mikopo haongei kitu, anakusalimia vizuri tu, ila kazi ya nne hupigiwi. Hakuna aliyekuambia uongeze. Unajikuta umeongeza.

#8 WakiliPeku

FutiKamba kasema kweli, naongeza upande wa pili wa sarafu. Wakati wa kukopa namba inapanda, wakati wa kuuza rehani kuna namba zinazoshuka kimiujiza. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kifungu cha 133: mkopeshaji akiuza mali kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za soko za mali zinazofanana, inachukuliwa kuwa hakutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Sasa jiulize, ni nani anayesema bei ya soko ni ngapi? Mthamini. Akishusha soko kwenye karatasi, ile asilimia 25 haionekani tena. Nimeona ripoti mbili za nyumba moja Majengo pale Moshi, zimepishana miezi saba, ya pili ni nusu ya ya kwanza. Nyumba haikuungua.

Sasa swali la mleta uzi: nani alikuwa upande wako? Dada, jibu halitakupendeza. Dalali hakuwa wako tangu siku ya kwanza. Alitumwa na mzee kuuza. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala, na msingi wake hata bibi yangu wa Machame anaujua: ukitumwa sokoni na ndizi za mtu, chenji ni ya mwenye ndizi. Faida ya siri uliyoipata kwenye kazi ya aliyekutuma ni mali yake. Kwa hiyo ile milioni nane anayeidai kwa nguvu zaidi ni mzee. Wewe ulikubali 42 kwa hiari, ukaona inafaa.

#9 KahawaChungu

Yaani niliyeibiwa si mimi?

#10 WakiliPeku

Umedanganywa, hilo lipo, ile ya kupiga magoti ni uongo uliokufanya ulipe na unaweza kuutumia. Ila mzee ndiye kaibiwa, na ameibiwa mara mbili. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na faida inahesabiwa kutoka bei ya mkataba. Anatozwa kwa milioni nane ambazo hakuziona hata kwa picha. Na wewe ushuru wako wa stempu, asilimia 1, umehesabiwa humohumo.

#11 NjiroBlokiC

Huku kwetu madalali wanafanya kinyume. Mnakubaliana 80, anakwambia "bosi, mkataba tuandike 35, TRA wasitusumbue." Nilikataa, akaniona mshamba. Mwenzangu alikubali. Baadaye mauziano yakavunjika, kwenda kudai hela yake, mkataba unasema 35. Arobaini na tano imebaki hewani mpaka leo.

#12 MkaaMbali

Nasoma uzi huu nikiwa Marekani, mzaliwa wa Kibosho. Huku chama chao cha madalali kilianzishwa 1908 na kikaandika kanuni za maadili 1913. Wathamini nao: miaka ya 1980 taasisi nyingi za akiba na mikopo zilianguka, uthamini wa kupika ukiwa sehemu ya tatizo, ndipo 1989 ikaja sheria ya kulazimisha kila jimbo liwape leseni. Baadaye wakaweka sheria kwamba mkopeshaji haruhusiwi kumsukuma mthamini afike namba fulani. Yaani lile swali la "unatafuta ngapi" huku linaweza kumfukuzisha mtu kazi.

#13 MvuaZaMasika

Mkuu tunazungumzia Moshono wewe unatupeleka Chicago.

#14 MkaaMbali

Subiri nimalize. Pamoja na maadili yao ya 1913, mwaka 2024 chama hichohicho kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wauza nyumba waliolalamikia mfumo wa kamisheni. Kitu kilekile, nani anamlipa dalali wa nani. Sisemi wametushinda.

Na nyumbani nimeumizwa pia, si kwamba naongelea ya watu. Mdogo wetu alitaka kuuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, upande wa chini kwenye mfereji. Dalali wa mjini akamwambia kina migogoro, hakitauzika vile kilivyo. Mnajua alichofanya? Aling'oa masale. Mstari mzima wa mpaka, masale yaliyopandwa na babu, akayarundika nyuma ya banda la mbuzi ili mnunuzi asiulize mpaka ni wa nani. Tulifika Desemba tukayakuta yamelala pale, mengine yameanza kuchipua. Mama hakusema kitu. Alichukua moja akaenda kulipanda mwenyewe.

Mauzo hayakufanyika. Mdogo wetu hatujaelewana naye mpaka leo.

#15 DalaliMstaarabu

Kihamba mimi sigusi. Nyumba ya familia pia mpaka nimwone mke, au mume, niongee naye mwenyewe, si kwa simu ya mtu mwingine. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Nilishawahi kukimbizwa na panga Kiserian.

#16 WakiliPeku

Na sheria iko upande wa panga hilo. Nyumba ya ndoa huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Dalali anayekwambia "mke yuko Dodoma, amekubali" anakuuzia kesi.

#17 BintiWaLevolosi

Na sisi wapangaji mbona mmetusahau? Hela ya kuoneshwa chumba elfu kumi, ukipenda unalipa kodi ya miezi sita na ya dalali mwezi mmoja. Nilioneshwa chumba kimoja Kaloleni mara mbili na madalali wawili, bei mbili, nikalipa elfu kumi mara mbili. Mwenye nyumba hajui hata mmoja wao.

Na siku hizi kila kiwanja kipo "karibu na uwanja wa AFCON". Nimepelekwa Terrat naambiwa Olmoti, uwanja ulipo, ni dakika tano. Labda kwa helikopta.

#18 NjiroBlokiC

Hahaha, Terrat.

#19 DalaliMstaarabu

Elfu kumi ya kuoneshwa nakubali ina wahuni. Mimi natoza, ila mteja akichukua naitoa kwenye ya mwisho. Na mali moja utakuta ina madalali watano kwenye mnyororo: mmoja anamjua mwenye mali, wa pili anamjua wa kwanza, mpaka kwa aliye na mteja. Kila mmoja anaweka chake juu. Mnunuzi anaona bei kubwa anadhani ni tamaa ya mtu mmoja. Dawa yake ni ndogo: kabla hujatoa bei, omba kuongea na mwenye mali mbele ya dalali wako. Dalali akikataa kabisa, ujue kuna kitu katikati. Akikubali, msimzunguke. Mlipeni.

#20 FutiKamba

Nimerudi, maana kuna kitu sikusema pale juu na kinanikera.

Miaka michache nyuma kijana wa ofisini kwangu alikwenda kukagua nyumba Pasua. Siku hiyo nilikuwa na msiba. Akaleta vipimo, picha, rasimu. Kila kitu safi, kijana mzuri. Nikasaini. Ripoti inasema "nimekagua", na jina ni langu, na mhuri ni wangu. Sikuikanyaga.

Kilichokuwepo ni kwamba bikoni mbili za nyuma, yale mawe ya mpaka, hazikuonekana. Kijana alipima ukuta uliopo, na ukuta ulikuwa umejengwa kwenye hifadhi ya mto. Robo ya kile nilichokiita kiwanja hakikuwa kiwanja. Picha ilikuwa inaonyesha hadi matete nyuma ya ukuta. Nilikuwa nayo mezani, sikuangalia matete, niliangalia singibodi.

Mkopo ulitoka. Mama yule anaendelea kulipa, hajakwama, kwa hiyo hakuna aliyejua. Nilimwendea nikamwambia. Akaniuliza, "Sasa unataka nifanye nini, baba?" Sikuwa na jibu. Benki niliwaandikia barua. Kazi zao nyingi sijapata tangu hapo.

Dada KahawaChungu, benki haijatoa hela bado? Kama haijatoa, usichukue thelathini. Tafuta mthamini mwingine umlipe mwenyewe, usimwambie unatafuta ngapi, hata akikuuliza. Mwangalie kama anatafuta bikoni zote nne na kusoma namba zake. Mwangalie kama anapanda kuona paa kwa ndani. Na mkataba wako wa kununua mwoneshe, ila mwambie pia hadithi ya mzee.

#21 MvuaZaMasika

FutiKamba heshima yako mkuu.

#22 KahawaChungu

Mrejesho, siku kumi baadaye.

Mthamini wa pili, mwanamama, kaja na panga dogo la kufyekea, bikoni ya nne alikaa nayo nusu saa kwenye majani. Milioni 43 thamani ya soko. Na hiyo ni pamoja na paa nililoweka. Nimekwenda benki nikaomba 18 badala ya 30. Afisa kaniangalia kama nina homa.

Kuhusu dalali, nilikwenda na mzee kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana aliitwa, akaja, mpole vilevile, kaniita mama. Hakubisha sana. Alitoa bahasha ya milioni tatu akaiweka mbele ya mzee. Ya kwangu, ile laki tatu, sijaidai. Mzee kaihesabu taratibu, noti moja moja, miwani puani, akafunga.

"Na tano?"

"Mzee, tano nimejengea. Nimeanzisha kapagale kangu Muriet, kamefika kwenye lenta."

Mzee akasimama, akachukua fimbo yake. "Basi kesho asubuhi twende ukanioneshe."

Wamekwenda leo. Bado hawajarudi, simu ya mzee haishiki. Nitaleta mrejesho.

#23 MlimaWangu

Wakuu nimechelewa kuuona uzi, nimesoma juujuu tu. Hilo la Muriet lenye lenta linauzwa? Aliye na namba ya dalali aje inboksi.